Tangi lilisema limejaa

Wasee, leo si video, ni maandishi. Hii stori nikiisema mbele ya kamera nitaanza kucheka, na si ya kucheka.

Wengi wenu mlinijua kwa ile video ya "Nimeandika draiva yangu ya Linux nikiwa Kasigau". Mliishare sana, asanteni. Ile video ina kosa. Sizungumzii kosa la kutamka, nazungumzia msimbo wenyewe. Kuna watu wameniandikia wakisema wameunakili kwa miradi yao: mmoja wa kuku, mwingine wa joto la greenhouse. Kwa hivyo naomba msome hadi mwisho, hasa wewe wa kuku.

Kwa wageni: huku kwetu maji yanatoka mlimani. Mlima Kasigau una zaidi ya mita 1,600, juu ni msitu wa ukungu, chini ni nyika ambayo kiangazi kikishika hata mbuzi wanatembea wakiangalia chini. Maji yanateremka kwa bomba, bila pampu, hadi kwenye matangi ya vijiji vinavyouzunguka mlima. Mvua zikikawia, yanayoteremka ni kidogo, na kamati ya maji ndiyo inaamua kioski kifunguliwe saa ngapi na birika la mifugo lijazwe au lisijazwe. Ili waamue lazima wajue tangi liko wapi. Katibu wetu alikuwa anagonga tangi kwa jiwe, kuanzia chini kupanda juu, akisikiliza sauti inapobadilika. Mimi nikaona hiyo ni ushamba.

Nikatengeneza mtambo. Raspberry Pi 3 ya mtumba, sola ndogo, kihisi cha mgandamizo chini ya tangi (maji yakiwa mengi yanakandamiza zaidi), na mita ya mtiririko kwenye bomba la kutokea, ile ambayo kila maji yakipita inatoa mipigo. Kila asubuhi katibu na mwenyekiti wanapata SMS: tangi liko asilimia fulani.

Sasa, kusema kweli, hakukuwa na haja ya kuandika draiva ya kerneli. Linux ina njia ya kuongea na kihisi cha SPI kutoka kwa programu ya kawaida, bila kugusa kerneli, na ningemaliza kwa jioni moja. Lakini nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, karo ilikatika, na kwa komenti kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa akiniandikia kila wiki: "Wewe hata digrii hauna, unafundisha nini?" Draiva ilikuwa jibu langu kwake. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Mtambo ukafanya kazi miezi miwili. Halafu ikaja Alhamisi moja ya Septemba.

SMS ya asubuhi ilisema asilimia 78. Kwa sababu ya hiyo 78, kamati ikafungua kioski na birika la mifugo pamoja, jambo ambalo kwa kiangazi hawafanyi. Watu wakachota, ng'ombe wakanywa. Mwenyekiti akawa anauliza mtambo kwa SMS kila baada ya muda: 78. 77. 78. Saa tano na kitu akanipigia.

"Kijana wangu, uko wapi?"

"Shikamoo mwenyekiti. Niko nyumbani."

"Marahaba. Hebu niambie. Simu yangu inasema tangi karibu lijae. Na mimi nimesimama chini yake hapa, linalia kama debe."

Nilikimbia. Foleni ilikuwa ya mitungi ya manjano kutoka kioski hadi kwa mwembe, na mtungi wa mama yangu ulikuwa wa saba. Hakuniambia kitu. Aliinua mtungi wake mtupu, akauweka kichwani kana kwamba una maji, akaenda. Maji yalirudi ya kutosha usiku wa manane. Shule ilipika kuchelewa, na wenye pesa walilipa bodaboda kuleta mitungi kutoka kijiji jirani. Jioni kwenye kikao, mzee mmoja alisimama akasema maneno machache tu: jiwe halijawahi kutudanganya.

Nilizima mtambo nikaupeleka nyumbani. Mezani, ukafanya kazi vizuri kabisa. Ndoo ya maji, naongeza, napunguza, namba inafuata. Nikaurudisha kwa tangi usiku: sawa. Asubuhi kioski kikifunguliwa: umeganda tena. Yaani ulikuwa unasema ukweli wakati hakuna mtu anachota, na wakati watu wanachota unadanganya. Nilianza kufikiria kuna mtu ananichezea.

Kitu cha kwanza kilichonipa mwanga ni hiki. Kihisi changu kina akiba ndogo ndani yake. Kinakusanya vipimo, halafu draiva inavichukua kwa fungu. Fungu moja ni vipimo 60, kila kimoja baiti 4, jumla baiti 240. Nikabadilisha nisome kimoja kimoja. Tatizo likaisha. Nikarudisha mafungu, likarudi. Nikapunguza fungu liwe vipimo 20: limeisha. Sikuelewa. Data ni ileile na waya ni uleule!

Jibu liko ndani ya draiva ya SPI ya Pi yenyewe. Ikiwa data ni chini ya baiti 96, haitumii DMA; prosesa inahamisha yenyewe, baiti kwa baiti. Ikifika 96 kwenda juu, inaita DMA. Vipimo 20 ni baiti 80. Vipimo 60 ni 240. Kwa hiyo mshukiwa akawa ni DMA.

DMA ni nini? Ni kifaa kuandika kwa RAM moja kwa moja, bila prosesa kushika kila baiti. Prosesa inasema: haya, bafa iko anwani hii, ni ya baiti 240, jaza, ukimaliza niite. Kisha inaenda kufanya mambo mengine. Ni kitu kizuri, bila hiyo simu yako ingechemka ikicheza video. Lakini ina sharti moja ambalo mimi nililiona chuo kwa slaidi moja, dakika kama mbili, mwalimu akasema "hii haiji kwa mtihani" na tukaendelea.

Sharti linatoka kwa kashe. Prosesa haisomi RAM kila mara, RAM iko mbali na ni ya pole. Inaweka nakala karibu yake. Na haichukui baiti moja. Inachukua kipande kizima, kinaitwa mstari wa kashe. Kwa prosesa ya Pi 3 mstari ni baiti 64. Ukitaka baiti moja, unapata na jirani zake 63, utake usitake.

Fikiria daftari la kioski cha maji. Mweka hazina anataka kuandika kitu kimoja, jina la mtu aliyelipa. Badala ya kuandika kwa daftari, anatoa kopi ya ukurasa mzima, anaenda nayo nyumbani, anaandika kwa kopi. Wakati huohuo katibu amekuja kwa daftari lenyewe na kuandika, kwenye ukurasa uleule, kiwango cha tangi cha leo. Jioni mweka hazina anarudi na kopi yake na kuibandika juu ya ukurasa. Jina lake lipo. Kiwango cha leo hakipo, kipo cha jana, kwa sababu kopi ilitolewa kabla katibu hajaandika. Hakuna mtu aliyeiba. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Ukurasa ndio ulikuwa na watu wawili ambao hawaongei.

Katibu ni DMA. Mweka hazina ni prosesa. Na mimi ndiye niliyewaweka kwenye ukurasa mmoja.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Kwa lugha ya C unaweza kuweka vitu vyako vyote kwa fungu moja linaloitwa strakti. Ndani ya strakti yangu niliweka bafa ya baiti 240, na mara tu baada yake nikaweka namba moja ndogo: hesabu ya mipigo ya mita ya mtiririko. Kwa macho inapendeza, kila kitu cha tangi kiko pamoja. Sasa piga hesabu na mimi. Strakti imeanza mwanzo wa mstari wa kashe. Baiti 240 zinajaza mistari 3 mizima, hiyo ni 192, kisha zinabaki 48 ambazo zinaingia mstari wa nne. Mstari wa nne una nafasi ya 64. Baiti 48 za bafa, halafu hesabu ya mipigo inakaa papo hapo, mstari uleule.

Maji yakitoka, mita inapiga. Kila mpigo unaleta intarapti, na prosesa inaongeza moja kwa hesabu. Ili iongeze inabidi iuvute mstari wa nne wote kwa kashe, pamoja na zile baiti 48 za bafa, ambazo wakati huo bado ni za fungu la zamani kwa sababu DMA haijafika mwisho. DMA inafika, inaandika vipimo vipya kwa RAM. Kazi ikiisha, kerneli inasafisha kashe ili usome kilichoandikwa na kifaa. Kwa mistari ambayo ni ya bafa peke yake, inaitupa tu. Lakini mstari wa ukingoni una kitu cha mtu mwingine, ile hesabu, na kerneli ikiutupa hesabu itapotea. Kwa hivyo inaurudisha RAM kwanza. Na ukirudi, unarudi na vipimo vyangu vya zamani mgongoni, unafuta vipya.

Baiti 48 ni vipimo 12 vya mwisho. Mimi, ili nipate kiwango cha "sasa hivi", nilikuwa nachukua wastani wa vipimo 10 vya mwisho.

Nilipopiga hiyo hesabu kwa karatasi niliinuka nikatoka nje. Vipimo 48 vya kwanza vya kila fungu vilikuwa sahihi siku yote ile. Mimi nilikuwa nasoma kipande kimoja tu kilichoharibika. Na kiliharibika wakati mita inapiga, yaani wakati watu wanachota, yaani wakati tangi linaisha. Waya wa kihisi ni mrefu kwa hivyo nilikuwa nimepunguza kasi ya SPI, fungu moja likawa linachukua muda, na kioski kikiwa wazi karibu kila fungu lilikutana na mpigo.

Kuna jambo baya zaidi, na hili hata kwa video sikulitaja. Mara mojamoja fungu lilipita bila mpigo na namba ya kweli ikatoka: 41, 30, 22. Programu yangu ilikuwa na kichujio. Ikiona namba imeruka ghafla inasema hiyo ni kelele, inaitupa. Mtambo ulijaribu kusema ukweli asubuhi ile, mara kadhaa, nimeona kwa kumbukumbu. Mimi ndiye niliuambia ukweli ni kelele.

Sasa tuongee dawa, kwa sababu ndiyo mmekuja kuchukua.

Dawa ni mstari mmoja wa msimbo. Bafa ya DMA isikae ndani ya strakti na majirani. Iombewe nafasi yake yenyewe kwa kmalloc. Kmalloc inatoa nafasi kwa saizi maalum, kama mitungi dukani: 8, 16, 32, 64, 96, 128, 192, 256 na kuendelea. Ukiomba 240 unapewa ya 256, inayoanza kwenye mpaka wa mstari na kuisha kwenye mpaka wa mstari. Mistari minne kamili, yote yako. Unapoteza baiti 16. Kwa baiti 16 kijiji kilikosa maji siku nzima, basi.

Njia ya pili ni kuiacha bafa ndani ya strakti lakini uiweke mwisho kabisa na uiwekee alama ya kuanzia kwenye mpaka. Madraiva mengi ya Linux yanafanya hivyo. Lakini kuwa macho mpaka ni wa baiti ngapi. Alama iliyozoeleka ilikuwa inafuata ukubwa wa mstari wa kashe ya kwanza, L1. Mwaka 2022 wasimamizi wa sehemu ya vihisi ya kerneli, ile inaitwa IIO, waligundua kuwa kwa baadhi ya mashine za arm64 hiyo haitoshi, kuna kashe za chini zenye mistari ya baiti 128. Ikabidi wapitie madraiva mengi wayabadilishe moja baada ya jingine. Hao ni watu wanaofanya kazi hii miaka na miaka. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka yule jamaa wa digrii, nikaacha.

Vitu ambavyo hufai kumpa DMA, kwa haraka: steki, na nafasi ya vmalloc. Vmalloc inakupa anwani zinazofuatana kwa macho ya prosesa tu, lakini kwa RAM yenyewe vipande vimetapakaa. Ni kama matatu ya Maungu kuja huku: kondakta anakwambia kuna nafasi za watu wanne, na ni kweli, lakini mmoja mbele, mmoja nyuma, wawili juu ya magunia. Kwa watu wazima sawa. Kwa mama na watoto watatu wanaotaka kushikana mikono si sawa, na vifaa vingi vya bei rahisi ni kama huyo mama, vinataka kuketi pamoja. Ndiyo maana mashine ikikaa siku nyingi bila kuzimwa, unaweza kuwa na RAM tele na bado ombi la kipande kikubwa kinachofuatana likakataliwa. Linux toka 3.5, mwaka 2012, ina utaratibu wa kutenga eneo mapema kwa ajili ya hao: wengine wanaruhusiwa kukaa pale kwa muda, familia ikija wanahamishwa.

Ya steki ina historia. Kwa miaka madraiva mengi ya USB yaliweka bafa ndogo kwa steki na kuipa DMA, kinyume cha maagizo, na kwa kompyuta za kawaida ilikubali. Desemba 2016 ikaja Linux 4.9, ambapo Andy Lutomirski alikuwa amehamisha steki za kerneli za x86 ya biti 64 kwenda nafasi ya aina ya vmalloc, kwa usalama, ili steki ikifurika ijulikane mara moja. Ghafla yale madraiva ya siku zote yakaanza kufeli, hasa ya vifaa vya televisheni vya USB. Watu wakalaumu toleo jipya. Makosa yalikuwa ya zamani, yalikuwa yamelala tu.

Halafu gharama. Hapa ndipo nina maoni, na mnaweza kunipinga.

Ukisoma hadi hapa unaweza kusema: basi kila kitu kipewe mstari wake, tumalize. Arm64 ilifanya karibu hivyo. Kwa miaka, kmalloc ya arm64 haikutoa chini ya baiti 128. Ukiomba 8 unapewa 128, ili tu ikitokea DMA isigongane na mtu. Kwa seva haina shida. Kwa simu ya RAM GB 2, ambayo ndiyo tunayo wengi huku, kerneli ina maombi madogo mengi sana na kila moja limevaa koti la mtu mkubwa. Mwaka 2023, kwa Linux 6.5, Catalin Marinas wa Arm aliishusha hadi baiti 8. Sasa kitu kidogo kinakaa padogo, na kikihitajika kwa DMA bila kuwa kwenye mpaka, kerneli inakinakili kwanza kwa bafa ya kando iliyo salama, inafanya DMA pale, kisha inarudisha nakala.

Sisi wa Voi hatuhitaji kufafanuliwa hiyo. Tuna reli mbili. Ya zamani ni mita 1 kwa upana, SGR ni milimita 1,435, na behewa la moja haliwezi kupanda nyingine. Kontena la Uganda likipanda SGR Mombasa linapita hapa kwetu, linafika Naivasha, linashushwa, linapakiwa kwa reli ya zamani. Kila mtu anajua kushusha na kupakia ni kazi na ni wakati. Lakini ni nafuu kuliko kung'oa reli yote hadi Malaba. Kunakili kwa bafa ya kando ni hivyo. Polepole kidogo kwa wachache, nafasi kwa wengi. Mimi naunga mkono, na naona ilichelewa. Waliokuwa wakilipia zile baiti 128 ni wenye simu ndogo, na si wao waliokuwa mezani.

Lakini msikimbie kusema "basi nikiweka kerneli mpya nimepona". Nimeangalia. Huo utaratibu unaangalia ukubwa wa bafa kujua kama ni salama. Baiti 240 ingekadiria inatoka kwa kmalloc ya 256, ni salama, pita. Haijui kwamba mimi niliipachika katikati ya strakti na jirani. Kerneli mpya isingeniokoa.

Kwa hivyo mahali ambapo lazima uache nafasi, acha. Najua inavyoonekana. Mimi nilipanga strakti yangu bila pengo kwa sababu nilifikiri pengo ni uvivu. Wageni wakija huku wakitoka Maungu wanatazama nyika dirishani wanauliza kwa nini pamekaa bure, mbona hapajalimwa. Ni ushoroba, ndovu wanapita hapo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ukipanda mahindi pale ndovu haachi kupita, anapita na mahindi yako. Nimezaliwa nikijua hivyo na bado kwa C nikapanda mahindi.

Mtaniuliza nilijifunza wapi haya yote ikiwa chuo niliacha. Ndani ya kerneli yenyewe kuna maandishi ya mwongozo wa DMA. Waandishi wake wa mwanzo ni David Miller, Richard Henderson na Jakub Jelinek. Kuna sehemu inaeleza ni RAM gani unaweza kumpa kifaa, na inataja wazi kwamba bafa isigawane mstari wa kashe na data nyingine. Liko pale bure, kwa miaka. Nilikuwa nimelipakua. Nilisoma mifano nikaruka maelezo, kwa sababu nilikuwa nataka kurekodi Jumamosi. Siwezi kumlaumu mwalimu wa ile slaidi peke yake.

Ingawa pia namlaumu kidogo. Tulifundishwa kmalloc bila kuona kifaa hata kimoja. Kwa laptopu ya Intel hili kosa langu lisingeonekana kamwe, kwa sababu pale vifaa na kashe vinaelewana vyenyewe kwa vyuma. Ningepata alama zote. Mashine za bei ya chini, Pi na bodi ndogo za aina hiyo, ndizo zinakuonyesha, na hizo ndizo tutakazofunga kwa matangi na mabanda ya kuku, si seva. Kama kuna mwalimu wa mifumo endeshi ananisoma, na najua mko wawili watatu: leta bodi ya bei rahisi darasani, weka bafa na kaunta kwa mstari mmoja, waache wanafunzi wahangaike wiki mbili. Hiyo iingie kwa mtihani.

Mtambo umerudi kwa tangi tangu Novemba. Bafa ina nafasi yake. Nimetoa kichujio, namba ikiruka, SMS inasema imeruka, mwenyekiti anaamua. Kabla sijaufunga nilienda kwa kikao nikaeleza, kwa hadithi ya daftari na kopi, si kwa baiti. Mweka hazina alikasirika kidogo, akasema yeye hajawahi kubeba daftari nyumbani. Nikamwambia ni mfano tu, mama. Wakanikubalia kwa sharti kwamba katibu aendelee kugonga kwa jiwe na aandike namba yake kando ya yangu. Hadi jana tumetofautiana mara mbili. Mara ya kwanza kihisi kilikuwa kimeziba kwa mchanga, jiwe lilikuwa sahihi. Ya pili bado tunabishana.

Video ya zamani sijaifuta. Nimeweka onyo juu na msimbo uliorekebishwa nitaupandisha Jumamosi nikishuka Voi, bando ya huku inanimaliza. Wewe wa kuku, angalia strakti yako leo: baada ya bafa umeweka nini? Niandikie.